Kutoka Pweto hadi kwa sokwe wa Lubumbashi: mgeni aone nini, na akatae nini

Kwa kijana wa Pweto mwenye begi mgongoni na rafiki wa kusafiri naye, njia ya kwenda kuona sokwe haiendi porini. Inaelekea kusini kando ya Ziwa Mweru, inapita Kilwa na Kasomeno, kisha inaingia mjini Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani. Huko ndiko kuliko kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006 ili kulea watoto wa sokwe walionyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara haramu wa wanyama.

Wengi wanaiona ziara ya namna hiyo kama matembezi ya kawaida: kufika, kuangalia, kupiga picha, kurudi. Lakini sokwe hao hawakwenda Lubumbashi kwa hiari yao. Walifikishwa huko na biashara inayotumia barabara, malori na mipaka ileile ambayo wasafiri wanaitumia kila siku. Ndiyo maana ziara ya kituo hicho haianzi kwenye mlango wake. Inaanza njiani, siku msafiri anapoulizwa kama anataka kununua tumbili mdogo aliyefungwa kamba kiunoni.

Pweto, mahali ziwa linapogeuka mto

Pweto iko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Mweru, mkoani Haut-Katanga, jirani kabisa na Zambia. Mto Luapula unaingiza maji ziwani upande wa kusini, na Mto Luvua unayatoa pale Pweto, ukaenda kuungana na Lualaba huko Ankoro. Kwa hiyo maji anayoyaona mtu akisimama ufukweni Pweto ndiyo hayohayo yatakayopita Kindu, Kisangani na Kinshasa kabla ya kumwagika baharini.

Watu wa hapa wanaishi kwa samaki, mihogo na biashara ya kuvuka ziwa. Samaki wadogo waitwao chisense huanikwa juani, hutiwa ndani ya magunia na kupelekwa masoko ya mbali. Anayesafiri na begi lake mara nyingi hukaa juu ya magunia hayo, kwa sababu lori la samaki ndilo gari linalopatikana.

Pweto pia inabeba kumbukumbu nzito. Mwezi wa Desemba 2000, wakati wa vita vya pili vya Kongo, mji ulitekwa na waasi wa RCD wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, na maelfu ya raia pamoja na wanajeshi walivuka kuingia Zambia. Miaka kumi na kidogo baadaye, eneo la katikati ya Pweto, Mitwaba na Manono liliitwa na watu «pembetatu ya kifo» kwa sababu ya mashambulizi ya Mai-Mai Bakata Katanga. Kiongozi wao, Gédéon Kyungu Mutanga, alitoroka gereza la Kasapa mjini Lubumbashi mwezi wa Septemba 2011 na kujisalimisha mwezi wa Oktoba 2016.

Historia hiyo inahusu wanyama pia. Mahali bunduki zinapozagaa, nyama ya porini inakuwa chakula cha wapiganaji na bidhaa ya kuuza, na walinzi wa hifadhi wanakuwa wa kwanza kukimbia au kuuawa. Vita vinapoisha, vijiji vinarudi haraka kuliko wanyama.

Barabara ya vumbi na matope

Msimu unaofaa kwa safari hii ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Mvua zikishaanza mwezi wa Novemba, sehemu nyingi za barabara zinageuka matope, na lori linaweza kulala njiani siku mbili au tatu. Wasafiri wawili wana nafuu kuliko mmoja: mmoja analinda mabegi, mwenzake anatafuta maji na chakula; mmoja akilala, mwenzake anakuwa macho.

Begi zito ni adui. Wenye uzoefu wa njia hii wanabeba chandarua, shuka, taa ndogo, dawa ya malaria, kifuniko cha plastiki cha kuzuia mvua, maji ya kutosha siku moja, na kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha Wakongomani wengi. Vizuizi barabarani ni vingi. Pesa ndogondogo ziwe karibu, na zile nyingine zigawanywe kati ya wote wawili, ili mmoja akiibiwa safari isikwame.

Kabla ya kuondoka, swali la usalama huulizwa kwa wanaotoka upande ule siku hiyohiyo: madereva, wauza samaki, wakuu wa vijiji. Habari ya wiki iliyopita inaweza kuwa imekwisha kubadilika.

Upande wa magharibi wa njia kuna uwanda wa juu wa Kundelungu. Serikali iliufanya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Ndani yake kuna maporomoko ya Lofoi, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 340 kwa mrusho mmoja, na yanahesabiwa kati ya maporomoko marefu ya Afrika. Pori lenyewe ni la miombo: miti ya majani mepesi inayowapa watu viwavi, uyoga na asali, na ambayo leo inakatwa kwa wingi kwa ajili ya makala yanayopikiwa bukari mjini Lubumbashi.

Msafiri anayetazama pori hilo akitegemea kuona sokwe atangoja bure. Misitu ya sokwe iko mbali zaidi kaskazini, upande wa Tanganyika, Maniema na Kivu. Mto Kongo wenyewe ndio umechora mpaka wao: sokwe wanaishi upande wa kulia wa mto, bonobo upande wa kushoto. Basi sokwe wa Lubumbashi wametoka wapi?

Mtoto mmoja, familia nzima

Jibu ni kwamba waliletwa. Sokwe, ambaye watu wengi wa mashariki mwa Kongo wanamwita sokomutu, analindwa kabisa na sheria. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inakataza kumkamata, kumuua au kumuuza. Mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kongo iliuingia mwaka 1976, unamweka kwenye orodha ya wanyama wasioruhusiwa kabisa kuuzwa kati ya nchi na nchi.

Hata hivyo biashara inaendelea, kwa sababu mtoto wa sokwe ana wanunuzi. Wako wanaomtaka kama mapambo ya nyumba, na wako wanaomtafuta kwa ajili ya bustani za watu binafsi nje ya nchi. Mnunuzi anaona mnyama mmoja mdogo anayelia. Haoni yaliyotangulia.

Mtoto wa sokwe hunyonya na kubebwa na mama yake kwa miaka minne au mitano. Mama hamwachi, na wenzake hawakai kimya mama akishambuliwa. Ili kumpata mtoto akiwa hai, mwindaji humuua mama, na mara nyingi wakubwa wengine wanaojaribu kumtetea. Nyama yao huuzwa, mtoto hutiwa ndani ya kikapu au gunia. Wengine wanakufa njiani kwa njaa, kwa vidonda au kwa homa. Na kwa kuwa sokwe jike huzaa mara moja kwa miaka mitano au sita hivi, kundi lililopoteza majike wawili au watatu linaweza lisijaze pengo hilo kwa miaka mingi.

Watoto hao ndio waliosababisha Franck na Roxane Chantereau kuanzisha J.A.C.K. mjini Lubumbashi mwaka 2006. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya wanyama wachanga walionyang'anywa Katanga. Kabla ya hapo, askari au maafisa wa mazingira wakikamata sokwe mchanga mkononi mwa muuzaji, hapakuwa na mahali pa kumpeleka. Sheria isiyo na mahali pa kumlaza mnyama ni vigumu kutekelezwa.

Mtoto akifika, kwanza hutengwa ili apimwe magonjwa. Mlezi humpa maziwa kwa chupa, humbeba, hulala naye karibu, kwa sababu sokwe mchanga aliyekosa mguso anaweza kukataa kula hadi afe. Baadaye huunganishwa taratibu na wenzake mpaka wajenge familia mpya. Sokwe anaweza kuishi miaka 40 au 50. Kila mtoto anayepokelewa leo ni chakula, dawa na mishahara ya walezi kwa miaka 40 ijayo.

Kituo kilichoshambuliwa zaidi ya mara moja

Kazi hiyo ilipata maadui mapema. Mwaka uleule wa 2006 moto uliwashwa kwenye nyumba walimolala watoto wa sokwe, na wawili kati ya watano wakafa. Mwaka 2013 moto mwingine uliteketeza jengo la kufundishia wageni.

Pigo lililosikika duniani kote lilikuja usiku wa tarehe 9 Septemba 2022. Watu waliingia kituoni na kuwachukua watoto watatu wa sokwe: César, Hussein na Monga. Baada ya saa chache Roxane Chantereau alipokea ujumbe kwenye simu yake pamoja na video ya watoto hao. Watekaji walidai pesa nyingi, wakatishia kuwaua sokwe, na kusema kwamba mpango wao wa kwanza ulikuwa kuwateka watoto wake mwenyewe.

Wakongomani wanajua utekaji wa watu. Huko Kivu neno hilo halishangazi mtu tena. Lakini kuteka sokwe katika kituo cha kuwalea na kudai fidia ni jambo ambalo watetezi wa wanyama walisema hawajawahi kulisikia popote duniani. Wenye kituo na viongozi wa mazingira walikataa kulipa. Sababu yao ilikuwa wazi: ukilipa mara moja, umeshaweka bei juu ya kila sokwe aliyeko katika kila kituo barani Afrika.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa maana kila mlezi aliwajua watoto hao kwa majina na kwa tabia zao. Lakini hoja ni ileile anayokutana nayo msafiri barabarani, kwa kipimo kidogo.

Huruma inayolisha biashara

Kando ya barabara nyingi za Kongo, kuanzia Katanga hadi Ituri, mtu anaweza kukutana na muuzaji aliyeshika tumbili mchanga, kasuku au kakakuona. Mnyama amekonda, macho yamezama. Msafiri mwenye moyo anajiambia: nitamnunua, nimuokoe, nimpeleke kituoni.

Ni fikra njema yenye matokeo mabaya. Muuzaji akipata pesa, jioni hiyohiyo anajua kwamba mnyama mchanga ana soko, na kesho anamrudisha mwindaji porini. Aliyenunua ameokoa mmoja na kuagiza kifo cha mama mwingine. Isitoshe, naye amevunja sheria: kumiliki mnyama anayelindwa ni kosa hata kama nia ilikuwa njema. Vituo vinapokea wanyama walionyang'anywa na serikali, havinunui.

Njia bora ni kumwambia muuzaji kwa heshima, «hapana, papa, huyu haruhusiwi kuuzwa», kisha kukumbuka mahali, siku na aina ya mnyama, na kuipeleka habari hiyo kwa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, au kwa ofisi ya mazingira ya eneo. Hapa ndipo faida ya kusafiri wawili inapoonekana tena. Mashahidi wawili wana uzito kuliko mmoja, na mwenzako anaweza kukuzuia pale huruma inapotaka kufungua pochi.

Habari kama hizo zina maana. Mwezi wa Septemba 2020, nyani na tumbili waliotolewa Kongo walikamatwa kwenye mpaka wa Chirundu, nchini Zimbabwe, wakiwa wamekwisha kuvuka Zambia nzima. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Oktoba 2021, 25 kati yao walirudishwa kwa ndege hadi Lubumbashi na kupokelewa na J.A.C.K. Kila kizuizi walichopita kabla ya Chirundu kilikuwa nafasi iliyopotea.

Na njia zinazidi kufunguka. Mradi wa barabara ya Kasomeno–Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula, umekusudiwa kufupisha safari kati ya Katanga na Zambia. Wafanyabiashara wa samaki, wa mahindi na wa shaba wanaungoja kwa hamu, na wana haki. Lakini barabara haichagui mzigo. Inayopitisha chisense kwa haraka inaweza kupitisha sokwe kwa haraka vilevile.

Mbele ya uzio

Mgeni anayetaka kufika kwenye kituo cha kulea wanyama anapaswa kuuliza mapema kama siku hiyo wageni wanapokelewa. Si bustani ya maonyesho, na usalama baada ya yaliyotokea mwaka 2022 si jambo la mchezo.

Anayekohoa au mwenye mafua akae nyumbani. Sokwe wanakaribiana sana na binadamu kwa damu na kwa maumbile, hivyo magonjwa yetu yanawapata: mafua ambayo kwetu ni siku tatu za kamasi yanaweza kuua kundi lao. Kwa sababu hiyo wageni hukaa mbali, hawawapi wanyama chakula, na hawatupi kitu ndani ya uzio.

Halafu kuna suala la picha. Mwaka 2019 picha ya masokwe wawili wa mlimani yatima, Ndakasi na Ndeze, wakiwa wamesimama nyuma ya mlinzi katika kituo cha Senkwekwe, huko Rumangabo, ilizunguka dunia. Watu waliicheka na kuipenda. Lakini nyuma yake kulikuwa na walezi waliowalea wawili hao tangu mwaka 2007, mama zao walipouawa katika Hifadhi ya Virunga. Ndakasi alifariki tarehe 26 Septemba 2021 akiwa mikononi mwa mlezi wake, André Bauma. Ukaribu ule ulijengwa kwa miaka 14. Mgeni wa saa moja hana ukaribu huo, na picha ya mtu aliyekumbatia sokwe mchanga, ikifika kwenye simu za maelfu, inawaambia wengine kwamba sokwe ni kitu cha kuchezea nyumbani. Picha nzuri ni ile inayoonyesha sokwe na sokwe wenzake.

Senkwekwe, Lwiro katika Kivu Kusini kilichoanza mwaka 2002, GRACE huko Kasugho upande wa Lubero, Lola ya Bonobo mjini Kinshasa: vituo hivi vyote vinafanya kazi inayofanana na ya J.A.C.K. Kwa wakaaji wengi wa Kivu, vita vimefunga njia za kufika hata kwenye vile vilivyo karibu nao. Wa Katanga wana bahati ya kuwa na kimoja ndani ya mji wao mkubwa. Hata hivyo wako watu waliozaliwa Lubumbashi ambao hawajawahi kukanyaga hapo, wakidhani kwamba utalii ni mambo ya wazungu wenye kofia pana.

Baada ya Lubumbashi

Wenye muda na nguvu wanaweza kuendelea na ndoto ya Upemba, hifadhi iliyoanzishwa tarehe 15 Mei 1939 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 11,000. Kwenye uwanda wa Lusinga ndiko waliko punda milia wa mwisho wanaoishi porini nchini Kongo. Rodrigue Katembo, aliyekuwa mkuu wa hifadhi hiyo, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2017 kwa ujasiri wake dhidi ya rushwa ya mafuta huko Virunga. Tangu mwaka huohuo wa 2017 ICCN inaisimamia Upemba pamoja na shirika la Forgotten Parks. Safari ya huko inataka ruhusa, gari imara na habari mpya za usalama.

Lakini hata asiyefika Upemba hajakosa kitu kikubwa. Vijana wawili wa Pweto wakirudi nyumbani juu ya lori lisilo na samaki, watapita vijiji vilevile na vizuizi vilevile. Safari hii watajua kwamba tumbili aliyefungwa kamba mlangoni kwa jirani alikuwa na mama, na watajua la kumjibu anayemuuza. Kituo cha Lubumbashi kinaweza kulea waliookolewa tu. Idadi ya watakaohitaji kuokolewa mwaka ujao inaamuliwa huku nje, na wale wanaoombwa kununua.